Anayesimulia Vita na Asikilize Kwanza

KAULI YA JUMA, na Mwalimu Kyalo

Jumamosi iliyopita nilihudhuria, katika ukumbi mmoja mjini Wote, uzinduzi wa kitabu cha taarikhi ya vita vya uhuru wa Kenya, nikatoka humo na ghadhabu ambayo juma zima halikuipoza. Wasomaji wangu wa siku nyingi, mnaoujua uhasimu wangu na hafla za kukata utepe, msidhani huu ni ule ugomvi wetu wa kale wa viti vya wageni na chai iliyopoa. Safari hii lililokosewa ni kubwa kuliko adabu.

Bibi mmoja kutoka vilima vya Mbooni, ambaye umri wake wakaribia miaka 90, alisimama, akaegemea mkongojo wake, akaanza kueleza kwamba mumewe alikamatwa Nairobi wakati wa hali ya hatari, akapelekwa kizuizini Manyani, na akarejea kabla ya Ndeke, dhaifu wa mwili na mzito wa ulimi. Hajayamaliza maneno yake, mwongoza hafla akamkatiza: "Susu, keti tafadhali, mheshimiwa ana safari." Bibi akaketi. Na mwandishi, ambaye ndiye aliyepaswa kuinuka na kumfuata mpaka kitini pake, hakushika hata kalamu.

Hilo ndilo lililoniudhi, wala sitalipunguza makali. Mtu aliyejitwika kazi ya kusimulia vita vya watu wake aliletewa shahidi mbele ya macho yake, naye akamwacha apite. Labda hakujua kwamba Ndeke ni tarehe. Kila mzee wa Kitui na Makueni ajua kuwa ndiyo njaa ya mwaka 1961, chakula kilipodondoshwa na ndege, na kwamba wazee wetu wameihesabu miaka kwa majina ya njaa tangu ile Ngomanisye ya mwishoni mwa karne ya 19. Asiyeijua kalenda hiyo ataambiwa mengi Ukambani na asifahamu yalitukia lini.

Nilikinunua kitabu, nikakisoma usiku huo huo. Ukambani mzima umepewa kurasa tatu, na humo twaambiwa kuwa sisi tulitoa askari wa Mwingereza kisha tukakaa kando. Basi Paul Ngei, aliyehukumiwa Kapenguria mwezi wa Aprili 1953 pamoja na Kenyatta, alitoka wapi? Na Ndiku Mutua na Paulo Nzili, waliokwenda London kuishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya vizuizini, hata mwaka 2013 serikali hiyo ikakubali kuwalipa watu 5,228, ni wana wa nani? Naam, vijana wetu walijaa jeshini na katika polisi. Lakini boma lililotoa askari na mfungwa kwa wakati mmoja lilistahili kitabu kizima, seuze kurasa tatu! Fauka ya hayo, Muindi Mbingu, aliyeongoza halaiki ya watu hadi Nairobi mwaka 1938 kudai ng'ombe waliotwaliwa, kisha akahamishiwa Lamu, ametiliwa kinywani hotuba ndefu isiyo na shahidi wala karatasi.

Sababu ni pupa. Kazi hii yataka subira: Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992, kwa hivyo mtafiti sharti apekue mafaili ya Machakos; na mafaili mengine yalisafirishwa na wakoloni walipokuwa wakiondoka, yakafichwa Hanslope Park, Uingereza, hata kesi ile ikayafichua mwaka 2011. Yaliyosalia ni kama maji ya mto Tiva wakati wa kiangazi: yamo chini ya mchanga, na hayampati mtu aliyesimama ukingoni.

Nasema wazi kwa mwandishi huyo na wenziwe: atakaye kubuni na aandike riwaya, na jalada liseme hivyo, na atakaye kuandika taarikhi ya vita vyetu asitafute ukumbi wala mheshimiwa kabla hajaketi na waliofungwa, na wajane wao, na askari waliowalinda. Watakapokwisha kuzikwa hao, hapatabaki mtu wa kukikanusha kitabu cha uongo, na nahofu kwamba wako waandishi wanaoingoja siku hiyo kwa hamu.