Mgonjwa wa Ngozi Naye Apimwe Shinikizo la Damu

Mtu atokwaye na mabaka yenye magamba viwikoni, magotini na kichwani, ugonjwa wake hujulikana na mtaa mzima. Mwenye shinikizo la damu hajulikani na yeyote, na mara nyingi hata yeye mwenyewe hana habari. Twapenda leo kuyasema magonjwa haya mawili kwa pamoja, maana yenyewe yamezoea kuandamana, hali sisi tumezoea kuyatenganisha: moja hutibiwa chumba hiki, la pili chumba kile.

Ugonjwa wa ngozi tuusemao ni soriasisi. Si choa, si ukoma, wala si ile pumu ya ngozi, na hauambukizi kamwe. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka ikaishambulia nyumba yake yenyewe, na ngozi ikaota kwa haraka isiyo kiasi. Katika ngozi nyeusi mabaka hayo huelekea rangi ya zambarau au ya kijivu kuliko wekundu ulioandikwa vitabuni, na kwa hiyo wako wapakwao dawa za choa muda mrefu wasipate nafuu. Mwezi wa Mei 2014 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani uliutambua kuwa ni ugonjwa wa kudumu, wenye maumivu na wa kuharibu sura, na usio na dawa ya kuumaliza.

Je, huandamana na shinikizo la damu kwa kadiri gani? Mwaka 2013 wataalamu walikusanya pamoja matokeo ya uchunguzi 24, wenye wagonjwa wa soriasisi zaidi ya laki tatu. Waliona kwamba uwezekano wa wagonjwa hao kuwa na shinikizo la damu uliwapita watu wengine kwa mara moja na nusu hivi. Wenye mabaka machache waliwapita wenzao kwa asilimia 30. Wenye ugonjwa mkali kwa karibu nusu. Huko Uingereza, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015 ulionyesha jambo la kutia wasiwasi zaidi: kadiri ngozi ilivyoenea mabaka, ndivyo shinikizo lilivyokuwa gumu kutulizwa.

Watakuwako watakaosema kwamba sababu ni unene, sigara na pombe, si ngozi. Hawakukosa kabisa, kwa kuwa mambo hayo huonekana sana kwa wagonjwa hawa, na mtu atengwaye na wenziwe huweza kuitafuta faraja hata penye madhara. Lakini wauguzi wanawake wa Marekani 78,061 walifuatiliwa tangu 1991 hata 2005, na baada ya mambo kama hayo kuhesabiwa, wenye soriasisi bado walizidi kupatwa na shinikizo kwa asilimia 17. Hatusemi kwamba ugonjwa mmoja ndio mzazi wa mwingine. Twasema kwamba uvimbe ule uwakao katika ngozi hauishii ngozini. Hufika hata katika mishipa ya damu.

Kisha kuna dawa. Siklosporini, itolewayo kwa soriasisi kali, hupandisha shinikizo. Vidonge vya kutuliza maumivu ya viungo, mathalan diklofenaki, navyo huweza kulipandisha. Kwa upande wa pili, baadhi ya dawa za shinikizo, kama propranololi, zimeshukiwa kuichochea soriasisi. Mgonjwa asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe. Lakini yapasa kila tabibu ajue mwenzake ametoa nini.

Nchi yetu haikosi wajuzi. Chuo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo Moshi, katika hospitali ya KCMC, kimekuwa kikifundisha matabibu tangu 1992. Tunaloliomba ni dogo: kila mwenye soriasisi afikapo kutazamwa ngozi, apimwe shinikizo, na ikiwa hesabu yafikia 140 kwa 90, apimwe tena siku nyingine na kutibiwa.

Ni dogo, ila lina kizuizi ambacho wakubwa wa ofisini huenda hawakukiona. Kipimo hufungwa mkononi. Mtu aliyevaa mikono mirefu miaka kumi, hata katika joto la Dar es Salaam, kwa ajili ya kuficha magamba, ataambiwa kukunja shati mbele ya foleni. Wengi wataona ni heri kuondoka. Na apewe basi pazia, au hata kona tu ya chumba, na muuguzi aushike mkono ule pasipo kusita. Na asiyepimwa aulize mwenyewe: "Dada, shinikizo langu ni ngapi?" kisha aandikiwe katika karatasi, aende nayo nyumbani.