Hija ya bei ya kutupa ilivyotuponza, na kwa nini vijana tunafaa kuanza kuweka sasa

Mwaka 2019 mamangu alitoa akiba yake yote ya Hija akanilipia karo ya chuo. Mwaka mmoja na nusu baadaye nikaacha masomo. Hajawahi kunitupia maneno, lakini kila msimu wa Hija ukifika, runinga ikionyesha watu wenye ihram wakizunguka Kaaba, mimi hutafuta sababu ya kutoka nje.

Ndiyo maana mapema 2024, alipotumiwa tangazo la Hija ya bei nusu kwenye WhatsApp, nikajua hapa ndipo pa kulipa deni. Jamaa mwenyewe alikuja hadi nyumbani kwetu Majengo, Mombasa. Kofia safi, salamu ndefu, akala mahamri ya mama na kuyasifu. Akasema viza itakuwa ya ziara tu, lakini mkishafika Saudia hakuna anayeuliza. Nikakopa, nikampa malipo ya kwanza.

Mjomba wangu aliyewahi kuwa dereva Jeddah alisikia, akanipigia saa nne usiku. "Unampeleka mamako Makka bila kibali, mwanangu? Unajua jua la Juni kule?" Tukajitoa. Pesa ilirudi vipande vipande kwa miezi minane, na nyingine sijaiona hadi leo.

Juni ilipofika nikaelewa. Joto kwenye Msikiti Mtukufu wa Makka lilifika nyuzi 51.8. Serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301, na asilimia 83 walikuwa watu wasio na kibali cha Hija. Tusiipite hiyo asilimia haraka. Jua lilikuwa lile lile kwa wote. Tofauti ni kwamba mwenye kibali ana hema lenye kiyoyozi Mina, ana basi la kumpeleka Arafa, ana kundi la kumtafuta akipotea. Asiye na kibali hana mahali popote. Anatembea kilomita nyingi juani, na akizidiwa anaogopa hata kumwendea polisi.

Misri ilizifutia leseni kampuni 16 za usafiri. Tunisia, rais alimfuta kazi waziri wa masuala ya dini. Saudia nayo ikakaza kamba. Msimu wa 2025, kukamatwa ukijaribu kuhiji bila kibali ilikuwa faini ya hadi riyali 20,000, na mgeni akirudishwa kwao anafungiwa mlango kwa miaka 10. Anayekuombea viza ya ziara kwa ajili hiyo, faini yake ilifika riyali 100,000. Kwa hivyo ukiona tangazo la "Hija kwa viza ya ziara", hiyo si ofa, msee.

Sasa, kuwalaumu mawakala peke yao ni rahisi. Swali langu ni kwa nini mtu mzima, mwenye akili zake, anayeuza mahamri tangu alfajiri, anaingia mtego ule. Jibu ni bei. Hija halali kutoka Kenya ni zaidi ya nusu milioni, na gharama zake zinafuata dola na riyali huku sisi tukiweka shilingi. Piga hesabu ya mfano: safari ya dola 5,000. Mapema 2024 dola ilipogusa Sh160, hiyo ilikuwa Sh800,000. Iliposhuka hadi Sh129 ikawa Sh645,000. Safari ile ile, tofauti Sh155,000, na mahujaji hawana walichofanya kuipandisha au kuishusha. Mtu anayeweka pesa kwenye kopo chini ya kitanda anakimbizana na kitu kinachosogea.

Jambo la pili ni muda. Wengi tunafikiri Hija hupangwa baada ya Ramadhani, kama shopping ya Idi. Siku hizi mambo hayako hivyo. Msimu mmoja ukiisha tu, Saudia inatoa ratiba ya unaofuata, na mahema ya Mina yanalipiwa miezi mingi kabla. Pakistan ilijionea 2025, pale watu zaidi ya 60,000 waliojiandikisha kupitia kampuni za kibinafsi walibaki nyumbani kwa sababu ya malipo na taratibu kuchelewa. Watu wenye pesa zao mkononi, hao.

Malaysia waliona tatizo la pesa zamani. Mwanauchumi Ungku Aziz alipendekeza mwaka 1959 kuwe na mfuko wa akiba ya Hija, maana wanakijiji walikuwa wakiuza mashamba na mifugo ili waende, kisha wanarudi wakiwa maskini. Mfuko ukaanza 1963, na leo ndio Tabung Haji. Mtu anaweka kidogo kidogo, pesa inawekezwa bila riba, zamu yake ikifika anaenda. Haujakosa mitihani, na foleni yake sasa ni ya miaka mingi mno. Lakini angalau muuza mahamri wa kule ana mahali pa kuweka ringgit kumi kumi.

Sisi tuna benki za Kiislamu tangu 2008, tuna sacco, tuna vyama kila kona. Vijana wa mtaa wetu wana chama cha kununua pikipiki na kingine cha harusi. Cha Hija sijakiona. Nikiuliza naambiwa, "Hiyo ni mambo ya wazee." Ajabu, maana kazi yenyewe ni ya miguu ya kijana. Kutoka Makka hadi Arafa ni kilomita 20 hivi, halafu kuna Muzdalifa, Mina, tawafu na sai, katikati ya watu zaidi ya milioni moja na nusu. Tunamngoja mtu magoti yaishe ndipo tumtume.

Tena kalenda iko upande wetu. Hija hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Ya 2026 ni ya mwishoni mwa Mei, na wataalamu wa hali ya hewa wa Saudia wamesema Hija haitaangukia tena kiangazi kwa miaka mingi. Anayeanza kuweka leo ataenda kukiwa na nafuu ya jua.

Nimepiga hesabu yangu. Sh200 kwa siku ni Sh73,000 kwa mwaka. Kwa bei ya ule mfano, ni karibu miaka tisa. Nitakuwa na miaka 35, na Hija itakuwa imefika Februari. Lakini mama atakuwa na 67, kwa hivyo yeye ndiye wa kwanza, na ndugu zangu wawili nimewaingiza kwa nguvu ili muda upungue. Pesa ziko kwenye akaunti isiyo na riba na hakuna anayetoa peke yake. Wakala tutakayemchukua, jina lake lazima tulione kwanza kwenye orodha ya waliosajiliwa, si kwenye posta yenye picha ya Kaaba. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo na cheti cha homa ya manjano ni kazi ya wiki chache za mwisho, hizo hazinisumbui.

Kinachonisumbua ni ule mkopo wa 2024, bado haujaisha. Juzi mama aliniambia nimalize kwanza deni la watu ndipo nimwekee yeye, kwa sababu hatakwenda Makka kwa pesa iliyoacha mtu analia. Nimebakisha Sh18,000.