Kinyozi Hajinyoi

Wako watu wasemao kwamba kumkagua fundi mkuu wa ndege ni kumvunjia heshima, kwa kuwa mwenye cheo amekwisha kuaminiwa. Neno hilo lapendeza masikioni, lakini ni la hatari.

Tarehe 10 Juni 1990 ndege ya British Airways iliondoka Birmingham, Uingereza, kwenda Malaga, Hispania. Ilipofika juu kiasi cha futi 17,300, kioo kimoja cha mbele kiling'oka; hewa ya ndani ikatoka kwa kishindo, ikamtoa rubani mkuu nusu ya mwili nje. Wenzake walimshikilia mpaka rubani msaidizi alipotua Southampton. Hakufa mtu.

Kioo hicho kilikuwa kimebadilishwa saa 27 tu kabla ya safari. Katika parafujo 90 zilizokifunga, 84 zilikuwa nyembamba kupita kiasi. Aliyezifunga hakuwa mwanagenzi. Alikuwa msimamizi wa zamu mwenyewe, naye alizichagua kwa kuzilinganisha na za zamani kwa macho, asifungue kitabu cha vipuri. Wala kanuni hazikutaka mtu wa pili aitazame kazi ile.

Je, ukaguzi haukuwapo? Ulikuwapo, lakini haukutazama moja kwa moja jinsi wasimamizi wafanyavyo kazi. Cheo kikawa pazia.

Ukaguzi ukomao kwa wadogo ni mchezo. Enyi vijana mtakaoshika ufundi kesho, msione haya kukaguliwa, wala msiogope kumkagua mkubwa. Parafujo haijui cheo cha aliyeifunga.