Ujerumani Watutambue, Mama Neema Akae Nje?

Wasee, tuambiane ukweli. Septemba 2024 Kenya ilipotia saini mkataba wa kazi na Ujerumani, mtandaoni kelele ilikuwa moja: watambue digrii zetu! Hata mimi nilipiga. Sasa njooni kwa ploti yetu.

Mama Neema, jirani yangu, amefanya uhasibu miaka minane kule Bukavu. Kifaransa anacho, Kiswahili anacho, Kiingereza cha kazi anacho. Mwaka jana kampuni moja ya mizigo ya Goma ilimwita intavyuu. Walimpenda, hadi akatoa kitambulisho cha mkimbizi. "Tutakupigia, mama." Na kweli walipiga, wiki mbili baadaye: aje awatafsirie ankara za Kifaransa, mia tano kwa siku, bila barua, bila NSSF. Yaani kichwa chake wanakitaka, yeye mwenyewe hapana.

Bosi atakuambia sheria imembana. Sheria gani? Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi kama masomo yake yanatambuliwa hapa. Vyeti vya nje vinapelekwa KNQA, ndiyo kazi yao. Kibali ni Class M, na mkimbizi hatozwi ada. Sitawadanganya, hizo karatasi zinachosha na zinakaa huko sana. Lakini lazima kuwe na mwajiri wa kuandika barua kwamba anamtaka huyu mtu, na hapo ndipo mabosi wanapotea. Mtu analipa mhasibu kila mwezi ampangie mambo ya KRA, halafu barua moja imshinde? Na serikali nayo iweke basi dawati moja hapa Nairobi ambapo mwajiri anaweza kuingia, aulize, aonyeshwe fomu, atoke.

Wewe unayesema "kwanza vijana wetu", nakuskia. Mimi pia nimemaliza chuo na sina mboka. Lakini huyo anayelipwa mia tano kichinichini ndiye anayeshusha bei yako. Bosi akishazoea mhasibu wa mia tano, utamwambia nini kuhusu mshahara? Afadhali Mama Neema aandikwe, akatwe PAYE kama kila mtu, tushindane mchana kweupe.

Jana nilikuwa namsaidia kupanga wasifu wake upya. Akaniuliza hiyo sehemu ya ukimbizi aiweke juu, ama chini kabisa. Nilikosa jibu. Kama wewe ndiye huajiri watu, niambie ungetaka kuisoma wapi.