Mchoro wa Jembe na Elimu ya Kutazama

Katika ngao ya Taifa ya Tanzania jembe limechorwa likiwa limepishana na shoka. Kila mwanafunzi amekwisha kuuona mchoro huo, na wengi wilayani Maswa, katika nchi ya pamba na viazi, wamelishika jembe lenyewe. Hata hivyo, mwanafunzi akitakiwa kulichora kwa kukumbuka tu, aghalabu huchora bapa lenye kona mbili zinazolingana, na mpini ulionyooka kama rula. Hilo ni jembe la fikira.

Na liletwe darasani jembe lililokwisha kulima. Huenda kona moja imelika kuliko ya pili. Mchoraji mwaminifu hana budi kuionyesha, na akiisha kuionyesha atauliza: je, sababu ni mkono wa mkulima, au ni mawe ya shamba? Swali hilo ni mwanzo wa sayansi.

Mchoro wa namna hiyo usidharauliwe kwa kuwa ni sahili, maana usahili wake ni kazi ya kuchagua. Jembe likichorwa kwa ubavu, pembe iliyopo kati ya bapa na mpini huonekana, na upana wa bapa hufichika. Likichorwa kwa mbele, upana huonekana. Kwa kipimo cha 1:10, mpini wa mita 1 huwa sentimeta 10 daftarini, lakini pembe ya nyuzi 70 hubaki nyuzi 70. Hivyo majembe mawili yaweza kulinganishwa karatasini, na mwanafunzi akatafakari ni lipi litakalomwinamisha mkulima zaidi.

Husemwa kwamba mtihani hudai michoro ya kitabuni. Ni kweli; lakini anayenakili mchoro wa moyo wa binadamu bila kosa huenda hajaona kitu, na mwenye mkono mzito aliyeitambua kona iliyolika ameona. Ni haki wa pili naye apewe alama zake.

Upungufu wa maabara si udhuru katika jambo hili. Penseli, rula, kipimapembe na jembe vinatosha. Maswa, ambako vijana walianzisha kiwanda cha chaki, yafaa pia kuwa mahali ambapo chaki haitumiki kwa kunakilisha tu, bali kwa kufundisha macho kutazama.