Mbabula itoke katika nyumba ya kulala

Huku kwetu milimani Kivu tunaambiwa kila mara: mwenzetu wa SS asipate baridi. Ni neno la kweli, baridi inaamsha maumivu ya drepanositozi. Basi watu wenye huruma wanaingiza mbabula ya makala ndani ya chumba, wanafunga dirisha, wanasema: sasa mutoto atalala muzuri. Sisi tunapinga huruma ya namna hii.

Makala yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Hata moshi ukiisha, yenyewe inabaki, njo maana inadanganya watu. Hemoglobini inaishika kwa nguvu kupita oksijeni mara 200 na zaidi. Hemoglobini iliyoshikwa hivi haibebi tena oksijeni ya kutosha, na ile kidogo iliyobaki haiachiliwi vizuri mwilini.

Mutu mwenye damu ya kawaida ana akiba. Mwenye SS hana: hemoglobini yake mara nyingi ni gramu 6 mpaka 9 tu katika desilita moja ya damu, na chembe zake nyekundu zinaishi siku 10 mpaka 20, wakati za wengine zinafika 120. Tena chembe hizo zikivunjika, mwili wenyewe unatengeneza hewa hiyo kidogo. Kwa hiyo yeye ataumia mbele ya sisi wengine.

Wakubwa wa sekisio ya sayansi (tunawajua!) watatujibu kwamba hemoglobini S iliyoshika monoksidi haigeuzi chembe kuwa mundu. Ni kweli. Hata mwaka 1963 wazo la kuitumia kama dawa lilitoka katika gazeti la waganga, The Lancet. Lakini mbabula haina kipimo. Chembe inaweza kubaki na umbo zuri la mviringo, na mwenye chembe akafa kwa kukosa oksijeni.

Tunaomba Bwana Prefe na wasimamizi: mbabula ibaki inje, hata usiku wa baridi kali. Mwenzetu wa SS apewe blangeti ya pili na chupa ya maji ya moto iliyofungwa na kitambaa, tena asiwekwe katika zamu ya jikoni yenye moshi. Wako watakaosema ni upendeleo. Waseme.

Na mutu akiamka na kichwa kinamuuma, anasikia kizunguzungu, anatapika, musikimbilie kusema ni malaria ao ni SS yake tu. Kwanza mumutoe inje kwenye hewa safi. Kisha apelekwe hospitali, na muganga aambiwe wazi kwamba ndani mulikuwa mbabula.