Mto Hauanzi Mtoni

Ndugu yangu wa Makongeni, ukiulizwa mto wako ni upi, pengine utajibu huna, kwani mlangoni pako huoni maji yakipita. Unao, tena miwili. Mvua ikinyesha, maji ya paa lako na ya ua wako huingia mtaroni, na mtaro una unakokwenda. Kaskazini ni Mto Nairobi. Kusini, ng'ambo ya Industrial Area, ni Mto Ngong. Mito hiyo hukutana mashariki ya jiji la Nairobi, ikamwagikia Athi, Athi ikawa Galana, kisha Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi. Njiani yupo mama anayenyweshea sukuma wiki maji hayo hayo, na sukuma hiyo inarudi sokoni kwetu.

Wamaasai waliliita eneo hili kwa maji yake baridi, na jina la jiji likatoka hapo. Leo nani atayatia kinywani? Na chemchemi haina kosa: Mto Nairobi unatoka kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu. Ubaya tunautia sisi, kwa bomba la choo lililounganishwa kisirisiri na mtaro wa mvua, kwa mafuta machafu ya gereji, kwa kiwanda kinachongoja usiku kifungulie taka zake.

Marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Mazingira, alisafisha sehemu ya Mto Nairobi karibu na mzunguko wa barabara wa Globe na kupanda miti. Alipofariki mwaka 2012 mahali pale palitelekezwa, ikabidi pafufuliwe upya miaka baadaye. Kuzoa taka ukingoni huku mabomba yakiendelea kumwaga ni kupiga deki bafuni na mfereji uko wazi. Mto Thames wa London ulitangazwa kuwa umekufa mwaka 1957. Waingereza walijenga upya mitambo ya kusafisha maji taka, na mwaka 1974 samaki aina ya salmoni, asiyestahimili uchafu, akaonekana tena.

Basi tuanzie plotini. Mwulize mwenye nyumba bomba la choo linaishia wapi. Mwulize diwani laini ya maji taka itazibuliwa lini. Wasipojibu, Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umeumia. Nenda na jirani zako, kabla ya mvua za masika.